Nyumba njema si mlango: juu ya kuuzisha na kununua nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja



Katika vitabu vidogo kama hiki tumezoea kuandika juu ya ngoma, mahari, kilio na majina ya watoto. Mara hii ninaleta jambo ambalo wengi watasema si mila hata kidogo, ni biashara tu: kuuzisha na kununua nyumba za zamani, zile zinazosimama mu kartie ambayo Leta imeiweka chini ya ulinzi juu ya historia yake. Mimi nasema ni mambo ya mila kabisa. Nyumba ya wazee ikibadilisha mwenyewe, kuko vitu vingine vinavyobadilisha mwenyewe pamoja nayo, na vile haviandikwi ku karatasi ya mapatano.

Mbele ya kuendelea, tuelewane juu ya maneno. Huku kwetu, kuanzia Lubumbashi mpaka Goma, mtu akisema « nimeuza nyumba », mara nyingi anataka kusema ametoa feza na nyumba imekuwa yake. Yule aliyeitoa, yeye « ameuzisha ». Watu wa pwani wanasema kinyume: kwao kuuza ni kutoa kitu na kupokea feza, na mwenye kutoa feza amenunua. Neno moja hili linaweza kugombanisha watu wawili wazima sokoni. Ili mtu asipotee, humu nitasema kununua na kuuzisha.

Mfano wangu ni Mji Mkongwe wa Unguja, ku Zanzibar. Ninauchukua kwa sababu mbili. Ya kwanza, pale sheria ya kulinda nyumba za zamani imekwisha kufanya kazi miaka mingi, na matunda yake tunaweza kuyaona, matamu na machungu. Ya pili inatugusa sisi wenyewe: sehemu ya majumba yale ilijengwa kwa pembe za tembo zilizotoka Maniema, na pembe zile zilibebwa ku mabega ya watu wetu. Basi mali ile inapouzishwa, sisi tuko na haki ya kuuliza maneno mawili matatu.

1. Majumba ya mawe na namna yalivyojengwa

Mji Mkongwe ulikua sana katika karne ya 19, wakati Sultani Said wa Oman alipohamishia kiti chake Unguja. Waarabu, Wahindi na Waswahili walijenga majumba ya gorofa mbili, tatu, karibu karibu, na katikati njia nyembamba ambazo motokari haipiti. Ukuta wake ni jiwe la matumbawe, lile linalotoka baharini, likashikamanishwa kwa chokaa. Dari inashikwa na boriti, miti ya mikoko. Kwa kuwa boriti hazizidi mita tatu au nne hivi, vyumba ni virefu lakini vyembamba. Ukiingia nyumba ya zamani ya Unguja, ni mti njo ulioamua upana wa chumba, si fundi.

Nje ya nyumba kuko baraza, kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta. Hapo wanaume wanakaa jioni, wanakunywa kahawa, wanasikiliza habari, wanapatanisha majirani. Neno hilo tunalijua: njo barza yetu. Kwetu barza ni mahali pa mbele ya nyumba penye kivuli, na tena ni mkutano wa wazee wa kupatanisha makabila. Wageni wa pwani walituletea neno pamoja na namna ya kukaa.

Halafu kuko mlango. Milango ya Unguja inajulikana dunia nzima: mbao nzito, zimechongwa maua, minyororo na maandiko, na mingine imepigwa misumari mikubwa ya shaba. Mlango ulikuwa unamwambia mpita njia ukubwa wa mwenye nyumba. Leo njo mlango unaopigwa picha, na njo mlango ambao wakubwa wa hoteli na watu wa kukusanya vitu vya zamani wanautamani. Lakini wazee wa pwani waliacha methali: nyumba njema si mlango. Nitairudilia methali hiyo, juu ndiyo hukumu yangu yote.

2. Sheria inashika nini

Mwaka 1985 serikali ya Zanzibar iliunda mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe. Sheria yake ikatoka 1994, wakati ule ule ambapo plani kubwa ya kuhifadhi mji ilitengenezwa pamoja na shirika la Aga Khan la utamaduni. Mwaka 2000 UNESCO iliandika Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2010 sheria ya 1994 ilipata ya kuifuata.

Katika utaratibu huu, mwenye kununua nyumba hanunui uhuru wote. Kama anataka kubomoa, kuongeza gorofa, kufungua dirisha jipya ku barabara, kubadilisha paa ao kuondoa mlango wa kuchongwa, anaomba ruhusa kwanza. Nyumba zimepangwa kwa madaraja: zile za maana sana zinafungwa zaidi, zingine kidogo. Anaambiwa pia atumie vifaa vinavyofaa, na hapa sheria iko na akili. Watu wengi walitengeneza kuta za zamani kwa sima, wakifikiri sima ni nguvu. Kumbe ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua: unapokea maji ya hewa na kuyatoa. Ukiupaka sima, maji na chumvi vinafungwa ndani, boriti inaoza ku kichwa pale inapoingia ukutani, na siku moja dari inashuka. Nyumba nyingi ziliuawa na dawa.

Mpaka hapa ninasifu. Lakini tusome sheria ile kwa macho ya mama mjane anayekaa ndani ya nyumba yenye ufa. Chokaa nzuri inataka kuchomwa, kulowekwa na kungojewa. Fundi anayeijua si kila fundi. Boriti mpya ina bei. Mama yule anakatazwa kutengeneza kwa bei ndogo, na feza ya kutengeneza kwa bei kubwa hana. Sheria imemwambia asifanye, haikumwambia atafanyaje. Mwisho wake anabaki na njia mbili: angojee ukuta umwangukie, ao auzishe. Hivyo sheria ya kulinda nyumba, pasipo msaada wa feza, inakuwa yenyewe mkono unaosukuma mwenyeji kuuzisha. Watu wanaoandika plani za miji hawalitaji neno hili mara nyingi, lakini ndilo la kwanza.

3. Mwenye kuuzisha ni nani?

Ku mji mwingine swali hili ni jepesi. Ku Unguja linahitaji subira.

Mnamo 12 Januari 1964 kulikuwa mapinduzi. Waarabu na Wahindi wengi waliuawa ao walikimbia, na serikali mpya ilinyanganya majumba mengi. Ndani yake iliweka familia za watu wadogo, wengine kutoka Ng'ambo, kartie ya watu maskini upande wa pili wa mkono wa bahari, wengine kutoka shamba. Jumba la familia moja tajiri likawa la familia tano, sita: kila moja na chumba chake, jiko lake ku baraza ya ndani, maji yanamwagwa gorofani mahali ambapo mjenzi hakuyatazamia. Kodi ilikuwa ndogo sana, na kwa kodi ile hakuna mtu aliyeweza kutengeneza paa. Toka miaka ya 1980, serikali yenyewe ilianza kuuzisha nyumba nyingi kati ya zile.

Sasa hesabu, ndugu msomaji. Aliyejenga, watoto wake wako Muscat, Dubai ao London. Aliyenyanganya ni serikali. Aliyekaa miaka arobaini na kulea watoto na kuzika wazazi kutoka ku mlango ule, hana karatasi. Aliyenunua ana karatasi. Nyumba inapouzishwa mara ya pili kwa bei ya kitalii, ni huyu wa mwisho peke yake anayekula faida. Familia za vyumbani zinapewa muda wa kutoka, na kama ziko na bahati zinapewa kitu kidogo cha kubebea mizigo.

Sisi wa Kongo tusiwacheke. Mnamo 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zaïrianisation, na maduka, mashamba na majumba ya Wagiriki, Wareno, Wahindi na wengine yakapewa watu wenye kujulikana. Ku Lubumbashi, ku Bukavu, ku Kindu, kuko nyumba hata leo ambayo ukiuliza « mwenye kuuzisha aliipata kwa nani? » watu wanatazama chini.

Hata pale ambapo nyumba ilibaki mikononi mwa jamaa, kuko hesabu ya mirathi. Ku Unguja wengi wanafuata sheria ya Kiislamu. Chukua mtu aliyekufa na kuacha mke, watoto wanaume wawili na wanawake watatu. Mke anapata sehemu moja kwa nane. Zile saba zinazobaki, kila mwanaume anachukua mbili na kila mwanamke moja. Nyumba moja imekwisha kuwa na wenyewe sita. Mmoja wao akifa na watoto watano, sehemu yake nayo inakatwa. Baada ya vizazi vitatu, nyumba ina wenyewe thelathini, na labda wawili tu njo wanalala ndani. Wale walio mbali hawajui harufu ya chokaa mbichi, wanajua bei. Dalali anapofika na mnunuzi, wanaotaka kuuzisha ni wengi, wanaotaka kukaa ni wachache, na wachache hawana feza ya kununua sehemu za ndugu zao. Hapo hakuna mwizi. Kila mtu anadai haki yake, na nyumba inakwenda.

4. Mwenye kununua, na mema anayoyaleta

Tusiseme kwamba mnunuzi ni adui. Wakati wa hesabu ya nyumba za Mji Mkongwe iliyofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990, majengo yalikuwa yapata 1,700, na mengi kati yao yalikuwa katika hali mbaya. Nyingine zilikuwa zimekwisha kuanguka. Watu waliokuja na feza, wazawa na wageni, waliokoa kuta nyingi. Zahanati ya zamani ku pwani, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19, ilirudishiwa uzuri wake katika miaka ya 1990 kwa kazi ya shirika la Aga Khan, na mafundi wa pale walijifunza tena kazi ya chokaa na ya mbao. Kazi ile ni ya sifa.

Tena mali ya serikali si salama kwa sababu tu ni ya serikali. Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alijenga mwaka 1883, halikuuzishwa kwa mtu. Lilikuwa mikononi mwa Leta, lilikuwa jumba la kumbukumbu, dunia yote ililijua. Mnamo 25 Desemba 2020 upande wake mmoja ulianguka wakati wa kazi ya kulitengeneza, na wafanyakazi wawili wakafa. Basi mwenye kusema « kusiuzishwe kitu, Leta italinda » ajibu kwanza juu ya siku ile.

Lakini mema ya mnunuzi yana mpaka wake. Kwa sheria ya ardhi ya Zanzibar ya 1992, ardhi ni ya umma, na mgeni hapewi kuimiliki. Anapita kwa njia ya kukodi miaka mingi, ao anashirikiana na mzawa. Feza ya namna hiyo inataka kurudi, na inarudi kwa njia ya hoteli, ya chumba cha wageni, ya duka la vinyago. Hakuna hoteli inayoweza kulipa mapambo yale kwa kupangisha mama wa kuuza maandazi. Jumba la Mambo Msiige, ku ufuko wa Shangani, liliingizwa katika hoteli kubwa iliyofunguliwa 2015, na jengo lile lilileta mabishano marefu na UNESCO. Wakubwa walibishana juu ya urefu wa jengo na sura yake mbele ya bahari. Ni haki kubishana juu ya urefu. Ila mtu akiuliza ni watoto wangapi wanaocheza jioni mu njia za kando ya hoteli hizi, hakuna ofisi yenye kazi ya kumjibu.

Hiyo njo hoja yangu. Sheria inajua kuhesabu milango. Haijui kuhesabu watu. Mnunuzi akiuhifadhi mlango, akapaka chokaa nyeupe, akaacha baraza mahali pake na kuweka juu yake mito ya wageni, ku macho ya sheria amefanya vyote. Nyumba imehifadhiwa. Lakini baraza ambayo jirani hawezi tena kukaa pasipo kuagiza kinywaji si baraza, ni kiti cha hoteli. Wazee walikwisha kusema: nyumba njema si mlango.

5. Nyumba ya Tippu Tip: jina nalo linauzishwa

Sasa nifike ku nyumba moja inayotuhusu. Mu Shangani, karibu na pwani, kuko jumba linaloitwa nyumba ya Tippu Tip. Jina lake la kweli lilikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yeye aliyeandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na aliyefia Unguja mwaka 1905. Vitabu vya watalii vinasifia mlango wake wa kuchongwa na ngazi zake za marumaru nyeusi na nyeupe. Baada ya mapinduzi jumba lile nalo liligawanywa, na familia mbalimbali zikakaa ndani.

Huku kwetu Tippu Tip hahitaji kutambulishwa. Kasongo ilikuwa makao yake. Kutoka pale misafara yake ilichota pembe na watu. Mwaka 1887 Mfalme Leopold alimfanya wali wa Stanley Falls, ile Kisangani ya leo, na miaka michache baadaye alirudi Unguja na kukaa kule mpaka mwisho wake. Mwaka 1893, wakati askari wa Leopold walipokamata Nyangwe na Kasongo, yeye alikuwa tayari mbali, ku nyumba yake ya mawe.

Katika biashara ya nyumba za zamani, jina ni sehemu ya bei. « Jumba la mfanyabiashara mkubwa wa karne ya 19 », ndivyo namna ya kuuzisha inavyosema, na mgeni anapenda kulala ndani ya hadithi. Lakini hadithi gani? Wapagazi waliobeba pembe miezi mingi kutoka Lualaba mpaka baharini hawamo katika hadithi ile. Wanawake waliokamatwa ku vijiji vyetu hawamo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na mahali pake lilijengwa kanisa kubwa la Anglikana. Pale wageni wanaonyeshwa na wanalia. Wakitoka pale wanarudi kulala mu majumba ambayo mali ya biashara ile ile iliyajenga, na hakuna mtu anayewaambia kitu.

Sitaki kusema jumba la Tippu Tip lianguke. Likianguka, ushahidi unaanguka pamoja nalo, na mshtakiwa anapona. Ninasema hivi: mahali panapouzishwa kwa jina, jina liuzishwe zima. Kama bei inapanda juu ya Tippu Tip, basi Kasongo iandikwe ukutani, na Nyangwe iandikwe, na wale ambao majina yao yalipotea njiani wapewe angalau mstari mmoja ku mlango. Sheria inayomlazimisha mtu kuhifadhi misumari ya shaba inaweza pia kumlazimisha kuhifadhi ukweli. Ubao mmoja wa mbao si gharama.

6. Wakfu: dawa ya wazee na ugonjwa wake

Mtu ataniuliza: kuko njia gani katikati ya kuuzisha na kuacha ianguke? Wazee wa pwani walikuwa nayo, na Waislamu wa Maniema wanaijua kwa jina: wakfu. Mwenye nyumba anasema mbele ya mashahidi kwamba nyumba hii haiuzishwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Faida yake ni ya msikiti, ya maskini, ya watoto wake na watoto wa watoto. Ku Unguja nyumba nyingi sana ziliwekwa wakfu. Zingine ziliwekwa kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, wapate mahali pa kukaa bila kufukuzwa. Litazame jambo hilo vizuri: katika mji uliotajirika kwa watumwa, kulikuwa na nyumba na viwanja ambavyo mtu aliyeletwa kwa nguvu kutoka bara aliweza kukaa na kusema « hapa hakuna mtu wa kunitoa ».

Hiyo njo sheria ya kuhifadhi iliyokuwa kabla ya sheria za ofisi. Nayo ilianza kwa mtu: nani atakaa? Jiwe lilifuata.

Lakini nisimdanganye msomaji. Wakfu nayo iliugua. Ofisi ya serikali ilichukua usimamizi tangu mwanzo wa karne ya 20, kodi zikabaki za zamani wakati bei za chokaa na mbao zilipanda, na nyumba za wakfu zikawa kati ya zile zilizochakaa kuliko zote. Neno « haiuzishwi » peke yake halizibi paa. Dawa yote inataka sehemu mbili: kizuizi cha kuuzisha, na mfuko wa kutengeneza. Pwani walikuwa na sehemu ya kwanza pasipo ya pili. Ofisi za leo ziko na ujuzi wa kutengeneza, lakini mkaaji wamemsahau.

7. Na sisi huku?

Kongo nayo ina sheria. Ordonansi-sheria namba 71-016 ya 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali ya utamaduni inaruhusu Leta kuandika jengo katika orodha na kukataza kulibomoa. Kwa upande wa udongo, sheria ya 20 Julai 1973 ilisema udongo ni mali ya Leta, na mtu anapewa haki ya kuutumia, na sertifika ya anrejistrema njo karatasi kubwa. Kwa upande wa urithi, Sheria ya Jamaa ya 1 Agosti 1987 iliwapa watoto wa marehemu robo tatu za mali. Karatasi hazikosekani.

Kinachokosekana ni desturi ya kuona nyumba. Tazama Lubumbashi, mji ulioanzishwa 1910. Ku katikati ya mji na ku Kamalondo, komini ya watu weusi ya zamani kuliko zote za mji ule, kungali nyumba za matofali za wakati wa Wabelgiji, zenye barza mbele na mwembe ku lupango. Wakomisioneri wanapoleta mnunuzi, hawazungumzi juu ya nyumba. Wanasema: « Parseli iko na mita ngapi? Iko ku avenyu ao ndani? » Nyumba yenyewe inahesabiwa kama uchafu wa kuondoa. Ku Unguja mnunuzi analipa juu ya ukuta wa zamani. Huku kwetu analipa ili aubomoe. Wao wanahifadhi ganda na kupoteza watu. Sisi tunapoteza vyote viwili siku moja.

Na familia zinazouzisha ni zile zile. Babu alipata parseli ya cité na livret de logeur, kabuku kalikompa ruhusa ya kukaa tu. Watoto wake saba wameenea Kolwezi, Kinshasa, Ubelgiji. Dada mkubwa alibaki, akalipa Leta kila mwaka, akatunza mama mpaka kufa. Siku ya mkutano wa jamaa wanasema: « Dada, tuuzishe, tugawane. » Robo tatu za watoto zinakatwa mara saba, na sehemu ya dada haiwezi kununua hata chumba ku kartie ya mbali. Sheria imefuatwa vizuri. Desturi ya wazee, iliyosema kwamba aliyebaki na kutunza moto asitolewe ku moto, imekufa mu mkutano ule pasipo kulia.

Ku Kasongo, jambo ni gumu zaidi. Kasongo ya kwanza, ile ya Tippu Tip, mahali pake panaitwa Tongoni, yaani penye matongo. Hakuna mawe ya bahari pale. Nyumba zilikuwa za udongo, na udongo ukikosa mkono wa mtu miaka michache unarudi udongo. Kilichobaki ni miembe, mistari ya njia, kaburi, na maneno ya wazee. Mtu wa ofisi akija na karatasi ya kuhesabu milango, atasema hakuna kitu cha kulinda. Kumbe njo hapo tunaona vizuri zaidi kwamba urithi ni mahali pamoja na watu wanaopajua. Parseli moja ya Tongoni ikiuzishwa kwa mtu asiyejua, na mwembe ukakatwa kwa makala, hakuna ofisi itakayopiga kelele. Sisi njo ofisi.

8. Maneno ya kushika

Sikuandika ili kukataza watu kuuzisha. Mwenye njaa anauzisha, mwenye mgonjwa anauzisha, na hakuna shirika la utamaduni linaloweza kumlipia daktari. Ninaomba tu kwamba mbele ya kumwita komisioneri, jamaa ikae ku barza na kujibu maswali manne.

La kwanza: nani analala ndani leo, na atalala wapi kesho? Jibu hilo liandikwe kabla ya bei.

La pili: je, yuko mmoja wa jamaa, ao jirani, ao msikiti, ao kanisa, anayeweza kununua pole pole? Apewe mwaka mmoja mbele ya mgeni. Hiyo si sheria ya Leta, ni adabu, lakini adabu iliyoandikwa na kutiwa sahihi na watu wote wa jamaa ina nguvu.

La tatu: nyumba hii inajua nini? Mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana mwenye telefone apige picha za kuta, aandike nani alijenga, fundi gani, mwaka gani, nani alizaliwa chumba gani, na pia mabaya yaliyofanyika ndani, kama yalifanyika. Nakala moja ibaki kwa shirika.

La nne: mnunuzi ameambiwa? Mtu anayejua kwamba mwembe ule ulipandwa juu ya kitovu cha mtoto hatakosa kuukata kila mara, lakini atafikiri mara mbili. Na ikiwa ataukata, jamaa imekwisha kusema neno lake.

Kwa wakubwa wa Leta na kwa mashirika yanayopenda kuandika miji katika orodha, tunaongeza neno moja. Siku mtakapokuja kuandika Kamalondo, ao katikati ya Bukavu, ao Kasongo, msilete peke yake orodha ya mambo ya kukataza. Leteni pia mfuko, hata mdogo, wa chokaa, wa matofali na wa mafundi, na mama mwenye ufa ku ukuta awe wa kwanza kuonyeshwa mlango wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa maskini usipozibwa, ukuta utajengwa na mwingine, kwa jina lake mwenyewe.

Mji Mkongwe wa Unguja umepata dunia nzima ya kuutazama. Sisi bado hatutazamwi, na hiyo ni bahati yetu ndogo: bei haijapanda, tungali na nafasi ya kukubaliana. Tuanze kwa watu, halafu ndiyo tufike ku mlango.